Kikwembe cha Muke wa Kisima

4 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na Vital ameingia pamoja nayo. Amekuja na kilo ya sukari na vipande viwili vya sabuni, kama mtu anayekwenda kwenye kilio. Nilipoona sukari nikajua habari si nzuri, maana Vital ni mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo na sijawahi kumwona akitoa kitu bure.

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya cherehani yangu, akaanza kutazama viatu vyake.

“Mama Thérèse, ile film ya pili tunaianza juma yenye kuya.”

“Mi niko tayari. Hata sauti nilishaitunza.”

“Sasa shida iko hii. Muzimu inarudia mu mwili ya kijana. Hadisi njo inaomba vile. Tuliona Kiki anaweza.”

Kiki ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Mwaka jana, Vital alipopiga sinema ya kwanza hapa mtaani Hewa Bora kwa simu mbili na taa ya pikipiki, kazi ya Kiki ilikuwa kunishikia kioo na kunipaka majivu usoni. Muke wa Kisima, ule mzimu, nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyezama, mimi ndiye niliyerudi kuvuta watu kwa kamba ya ndoo, mimi ndiye niliyecheka kile kicheko cha midomo iliyofungwa ambacho watoto wa mitaa yote ya Kampemba wanajaribu kukiiga. Kabla ya hapo nilikuwa nani? Mjane asiye na mtoto, anayeshona sare za shule. Baada ya hapo sikupita sokoni bila mtu kupiga kelele, “Muke wa Kisima!” Watoto wanakimbia, wanarudi, wanakimbia tena. Jina hilo nimelizoea kuliko la ubatizo.

Nilimwambia Vital hakuna shida. Sukari nilichukua. Alipotoka nikafungua daftari hili, kwa sababu nikimwambia mtu atasema nina wivu. Nina wivu. Nimeandika, basi.

6 Novemba

Kiki amekuja kuomba kikwembe. Nilikuwa namngojea.

Kikwembe chenyewe, kitambaa cha kujifunga, ni cheupe, cha kambo yetu, yaani nyanya aliyemzaa mama. Kambo alipokufa, baada ya kilio kwisha, wazee walinikalisha mkekani, wakaninywesha maji katika kikombe chake, wakanifunika kikwembe chake na kuniita Mwila, jina lake, mbele ya watu wote. Huko ndiko kupyanika. Kwetu marehemu haachi nafasi wazi, lazima mtu apewe, na nilipewa mimi kwa kuwa ndimi mzaliwa wa kwanza. Mtaa mzima uliona. Ndiyo maana nilipokivaa kwenye sinema ya kwanza watu waliogopa kweli, maana walijua si kitambaa cha kuchezea. Mama alininunia mwezi mzima, halafu sifa zikaanza kumfikia na yeye, akanyamaza.

Kona moja ina alama ya pasi ya makaa. Kiki ndiye aliyeichoma, asubuhi ya sinema, akininyooshea. Tulikubaliana mama asijue. Nikaikunja kona ile ndani, na hakuna aliyeiona.

“Yaya,” akaniita, kama mdogo anavyomwita dada yake, “nakuomba ile kikwembe ya kambo. Ya tournage tu, tukimaliza kupiga film nakurudishia.”

“Panya ilishakula.”

“Panya? Kikwembe muzima?”

“Panya ya Hewa Bora unajuaka njala yake.”

Alicheka. Alinitazama kidogo, akaondoka. Kikwembe kimo ndani ya sanduku, chini ya vitambaa vya sare, na panya hajakigusa.

10 Novemba

Mvua. Hakuna umeme. Nimeshona vifungo kwa mkono.

13 Novemba

Wanapiga sinema kwa jirani yetu Mama Joëlle, kwenye kisima kile kile cha mwaka jana. Sikwenda. Nilikwenda tu kununua makaa, na muuza makaa anakaa upande ule. Halafu nikakumbuka viberiti. Halafu chumvi.

Kiki amevaa kikwembe kipya cha sokoni, hakijafuliwa hata mara moja, kinasimama chenyewe kama karatasi. Miguuni ana kandambili za manjano. Vital hakuziona. Rodrigue anayeshika simu hakuziona. Mimi nimeziona na nimenyamaza, na kunyamaza kule kumenipa raha mpaka jioni.

22 Novemba

Kiki ameniletea bowa, ule uyoga mkubwa wa mvua, kikapu kimejaa. Amesema ni asante kwa kumfundisha kazi. Sikumfundisha kitu. Nimeupika na karanga, ukawa mtamu sana, na hilo limeniudhi zaidi.

1 Desemba

Watu wa Aimé wamekuja. Aimé ni mchumba wa Kiki, mwalimu, kijana mpole anayesalimia hata kuku. Msemaji wao ni shangazi yake, Tantine Perpétue, mwenye kofia ya kanisani na macho yanayopima kila kiti. Mahari italetwa mwezi wa pili. Mama ameimba mchana kutwa. Robe, gauni lake la siku hiyo, nitashona mimi, bila shaka. Kila kitu cha Kiki mwaka huu kinapitia mikononi mwangu ili kimfikie yeye.

14 Desemba

Leo wameonyesha sinema, saa tisa alasiri, katika ukumbi wa vidéo wa Kampemba, ule wenye mabenchi ya mbao na jenereta inayounguruma mlangoni. Watu walijaa mpaka kwenye madirisha. Nilikaa nyuma na Cathy, msusi wetu, ambaye habari zote za mtaa hupita katika vidole vyake kabla hazijafika kwingine.

Nataka kuandika kwa uaminifu kwamba nusu ya kwanza ilikuwa siku njema kuliko zote za mwaka wangu. Muke wa Kisima akatoka majini, polepole, muziki wa kutisha, na mtu wa mbele akapiga kelele, “Muzimu iko na babouche!” Aliziona zile kandambili.

“Alizama na babouche, anatoka na babouche! Courage, mama!”

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Halafu usiku wa manane wa sinema, jogoo akawika. “Ule coq hana saa?” Halafu damu ikamwagika mlangoni, na mama mmoja akasema kwa utulivu wa mpishi, “Ile tomate inakosa bitunguu.” Mchungaji wa kwenye sinema alianza kufukuza pepo, na kila alipolitaja jina la Bwana sharubu zake zilishuka kidogo, mpaka zikakaa mdomoni. Nilicheka mpaka Cathy akanishika. Machozi yalinitoka. Nilisema moyoni, asante Mungu, ni mbaya, ni mbaya kabisa.

Halafu ikaja ile sehemu. Kiki ameketi ukingoni mwa kisima, mgongo kwetu. Mvua ya kweli inanyesha. Anafua shati la mtoto, shati dogo, anaongea nalo kama anamwambia mtoto asiogope maji. Hana haraka. Kisha anageuka upande, hatumwoni uso wote, na anacheka.

Kilikuwa kicheko changu, midomo imefungwa. Lakini alikishusha chini mpaka hujui kama anacheka au analia. Tulisikia jenereta tu. Cathy alinichoma mkono kwa kucha. Mbele mwanamke mmoja akasema “Yesu,” taratibu, na mtu akaacha begi la mikate lianguke.

Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama. Mimi, niliyekitunga kicheko kile nikiwa nateka maji! Nilimwogopa mdogo wangu, kisha nikamchukia, vyote kwa mara moja, na sikujua kipi kilitangulia.

Nje watu walipanga mstari kumsalimia. Mtoto mmoja alinionyesha kwa kidole, akamwambia mwenzake, “Ule njo wa zamani.”

16 Desemba

Vital ameiweka sinema mtandaoni. Nimesoma maoni yote.

“Budget ya film hii ni tomate mbili na babouche moya.” Huyu nampenda bila kumjua. “Sauti iko sawa vile banaongelea mu sufuria.” Huyu pia. “Jogoo apewe rôle mu part 3.” Nikacheka peke yangu kama mwehu. Mmoja akaandika, “Ya kwanza ilikuwa na bwoga ya kweli,” nikampa kidole gumba, nikatamani nimpe viwili.

Kisha nikaliona hili: “Wa kwanza alikuwa sawa na mama mwenye kugombeza batoto ku robinet ya maji. Uyu wa pili njo kisima yenyewe.”

Chini yake watu wamejipanga kukubali. Mmoja ni mteja wangu, nilimshonea sketi mwezi wa tisa. Nimelisoma tena na tena mpaka betri ikaisha, kisha nikaendelea kulisoma kichwani.

17 Desemba

Nimezaliwa upya mtandaoni. Jina langu ni Papa Mukuka, ninakaa Mokambo, mpakani, na picha yangu ni lori. Nimechagua Mokambo kwa sababu hakuna wa Hewa Bora atakayepanda gari kwenda kuniulizia huko.

Papa Mukuka ni mzee mwenye hekima. Ameandika hivi: “Batoto, munacheka babouche, hamuone kintu ya maana. Ule wa kwanza alivaa kikwembe ya kambo yake, yenye alama ya pasi ku kona. Alipewa, bantu baliona. Hii ya film ya pili ni ya soko. Nani alimupyanika uyu mutoto? Muzimu yenye haikupewa nafasi inajitafutiaka.”

Nimeshusha simu, nikahisi kama nimekunywa maji baridi. Leo nimeshona sare sita bila kukosea mshono.

21 Desemba

Cathy amekuja mbio, na taulo la mteja begani, kuniletea maneno yangu mwenyewe.

“Mama Thérèse, unasikia? Kuko muzee moya wa Mokambo, grand connaisseur, anajua yote! Anasema Kiki hakupewa!”

“Eeh? Kweli?”

“Mu salon banaongea ile tu. Na ni kweli! We tuliona ku kilio, balikukalisha pa mukeka. Kiki, nani alimukalisha?”

Nilisema watu wasitie chumvi, sinema ni sinema. Niliyasema polepole, kwa namna ambayo mtu akiyasikia anaongeza chumvi mwenyewe.

Sasa maoni yamebadilika. Hakuna anayezungumzia sharubu tena. Wanauliza, nani alimpa? Wengine wanasema walipoitazama sinema simu zilizima zenyewe. Mmoja anasema mtoto wake anaota maji. Na wengi wanaandika: “Wa kwanza arudie.”

Wa kwanza arudie. Yaani nirudi mimi. Nimelisoma hili nikiwa nimesimama.

25 Desemba

Noeli. Kuku na bukari, ugali wetu. Kiki amekula kidogo, akasema amechoka.

3 Januari

Kiki amesimulia kama kichekesho. Sokoni muuza bitoyo, samaki wakavu, hakutaka kumwekea chenji mkononi, aliiweka juu ya gunia. “Banafikiri nitabavuta mu kisima na kamba,” akasema, na mama akacheka. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano na uzi ulikataa kuingia.

Ni sinema tu. Watu watachoka. Mwezi ujao watasema mambo ya mwingine.

11 Januari

Nataka kuandika yote.

Mvua imenyesha tangu juzi bila kupumua. Leo asubuhi tulisikia kishindo, kama lori limemwaga mchanga, halafu kelele za Mama Joëlle. Kisima chake kimebomoka. Ukingo wote umeingia ndani, na ndoo, na kamba, na banda la bata, na yeye mwenyewe alikuwa anasogea kuteka maji, akateleza mpaka kiunoni. Wanaume wawili walimvuta kwa mikono. Mguu umeumia vibaya.

Kila msimu wa mvua visima huanguka hapa. Udongo wa Hewa Bora hauna urafiki na maji, hata mtoto anajua. Mwaka juzi vilianguka viwili barabara moja, na hakuna aliyetafuta mchawi. Lakini leo nilipofika nilikuta watu hawatazami shimo. Walikuwa wanatazama lupango letu, yaani uwanja wa nyumba yetu.

“Ni pale njo alikaa, uyu mutoto,” mtu alisema. “Pale pale ku ukingo.”

“Balituambia! Muzee wa Mokambo alituambia!”

“Inajitafutia nafasi. Leo Mama Joëlle, kesho nani?”

Kiki alikuja na shuka kumfunika Mama Joëlle. Watu wakafungua njia, si kwa heshima. Mama Joëlle, aliyemlea Kiki mgongoni, akavuta mguu wake pembeni na kusema, “Acha, mwanangu. Acha tu. Usiniguse.” Alisema kwa upole, na upole ule ndio uliomvunja Kiki. Alisimama na shuka lake mvuani.

Nilikwenda nikamshika mkono, nikamrudisha nyumbani. Watu walinipisha na kuniita, “Pole, Muke wa Kisima.” Ndiyo hiyo heshima niliyoililia tangu Novemba. Nilitaka kuitapika.

12 Januari

Tantine Perpétue amekuja, kofia kichwani, akakataa kukaa.

“Bukwe yetu na nyinyi tunaipenda,” alimwambia mama. “Lakini kunaingiaka kintu mu famille, kutoka haitoki. Aimé iko moya tu kwa mama yake. Pasteur wetu ku kanisa anasema mutoto aingie mu chambre ya maombi, siku saba, bila kula. Akitoka safi, tutaona. Kama hapana, ba mama, mutusamehe.”

“Siku saba bila kula?” mama akasema. “Mutoto alifanya nini? Alicheka mu film!”

“Alikaa ku nafasi ya wenyewe.”

Aimé alikuwa nje, kichwa chini. Kiki alimwangalia kupitia dirisha. Hakulia. Mama ndiye aliyelia, jioni, akichambua mchele, akasema bila kumtazama mtu, “Ule Papa Mukuka, Mungu iko namuona. Mwenye kuchimba kisima njo anaingiaka ndani.”

Nilitoka kwenda kuangalia nguo kwenye kamba. Hakukuwa na nguo kwenye kamba.

13 Januari

Nimefuta maneno ya Papa Mukuka. Haikusaidia. Watu walikuwa wameshayapiga picha, na sasa wanasema muzimu ndio umeyafuta.

15 Januari

Vital amekuja, safari hii bila sukari. Amekonda. Hataki tena sifa wala watazamaji, anataka kuelewa tu.

“Mama, kwetu Butembo mambo hii haiko. Nilinunua kikwembe nyeupe, nyeupe ni nyeupe! Nilikosea wapi?”

“We hukukosea,” mama akamwambia. “Hukujua. Kikwembe ya mufu haibadilishwe na ya soko. Na nafasi ya muntu hatujikalie, tunakalishwa.”

“Sasa tufanye nini? Pasteur anakuya kumuchukua samedi.”

Mama alivuta kiti, akakaa. Kisha akasema kwamba aliyepewa anaweza kutoa, kama anatoa kwa mkono wake, kwa kupenda, na watu wanaona. Kiki akikalishwa mkekani, akinyweshwa, akiitwa, hakuna atakayesema alijipa. Tantine Perpétue mwenyewe atafunga mdomo. Lakini kikwembe kiwe kile cha kambo.

“Na kikwembe, panya ilikula,” mama akamalizia. Alinitazama. “Mara ingine panya inarudishaka.”

Wote walikuwa wananitazama. Kiki peke yake alikuwa anaangalia mikono yake.

Nilisema nitatafuta.

16 Januari

Nimekitoa sandukuni. Nimekikunjua magotini.

Nikikitoa, mimi si Mwila tena. Si wa kwanza tena. Si Muke wa Kisima wala kivuli chake. Nitabaki Thérèse mshonaji, ambaye mume alikufa. Na kitakwenda kwa Kiki, ambaye ana uso, ana mchumba, ana kicheko changu bora kuliko mimi. Ni nani aliyesema mwenye vingi aongezewe? Najua ni nani, ni Biblia, na leo nina ugomvi na Biblia.

Nisipokitoa, Jumamosi wanamchukua. Kiki hawezi kukaa na njaa hata mpaka saa saba mchana. Alipokuwa mdogo alikuwa analia, nami nilimpa nusu yangu ya bukari, kisha nusu ya nusu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa mdudu ni mimi, na nguo ni ya kambo.

18 Januari

Mvua imetupa nafasi asubuhi. Lupango lilijaa. Mama Joëlle aliletwa kwa kiti, mguu umefungwa. Tantine Perpétue alisimama mbele kabisa, mikono imekunjwa. Aimé alikuwa karibu na mlango. Pasteur alituma mtu aangalie. Cathy aliacha mteja na nusu ya kichwa amesukwa, na mteja akaja naye. Vital na Rodrigue na simu zao walipewa kona na mama, kwa sharti wasiseme kitu.

Kiki aliketi mkekani, miguu imenyooka. Nilipiga magoti mbele yake. Nilimpa maji katika kikombe cha kambo, akanywa. Nilikunjua kikwembe. Watu wakanong’ona, maana walidhani kimeliwa.

“Kikwembe hii nilipewa, muliona,” nikasema. “Leo naitoa na mukono yangu. Hakuna mwenye kuniamrisha. Nafasi ya kambo iko yako.”

Nikaanza kulia. Nilikuwa nimepanga kusema vizuri, kama kwenye sinema, na nikashindwa. Nilimfunika mabegani.

“We njo Mwila,” nikasema.

“Mwila!” mama akaita. “Mwila!” watu wakaitikia, na vigelegele vikapanda. Mama Joëlle alinyoosha mkono kutoka kitini, akamgusa Kiki kichwani, akaacha mkono hapo. Tantine Perpétue alikunjua mikono yake. Aimé alikuwa analia kama mtoto, bila hata kujificha.

Katikati ya yote hayo Rodrigue akasema, “Pardon, kuku ilipita mbele, tunaweza kurudilia?” Mama akamgeukia. “Kintu hii haifanyikaka mara mbili.” Rodrigue akaficha simu mfukoni.

Kiki alibaki ameketi. Niliona kidole gumba chake kikitembea kwenye pindo, polepole, mpaka kwenye kona, mpaka kwenye alama ya pasi. Hapo kikasimama. Aliinua macho, akaniangalia. Niliangalia pembeni.

24 Januari

Vital ameyaweka mtandaoni, kuku na vyote. Watazamaji wana maoni. “Hii njo ilikuwa inakosa.” “Kuku wa part 2 bis, chapeau, hongera!” Na hili: “Ule mama wa zamani analia muzuri kupita mu film ya kwanza. Actrice ya kweli!”

Nimelia tena, safari hii bila watazamaji.

8 Februari

Kipindi cha mvua kubwa kinaanza kuchoka. Wanaume wamechimbia Mama Joëlle kisima kingine, mbali kidogo, na safari hii wamejenga ukingo wa matofali.

22 Februari

Mahari imeletwa jana. Tantine Perpétue alicheza dansi, kofia ikaanguka. Robe niliyoshona ilisifiwa kuliko nyama, nami sitajifanya kwamba sikusikia.

Leo Kiki ameingia kwangu na kikwembe mkononi.

“Yaya, unishonee pindo. Inaanza kufunguka.”

Nilikitandaza juu ya meza. Kona ile ilikuwa mbele yangu, hudhurungi, imekauka. Nikamwambia naweza kuifunika kwa kiraka kizuri cheupe, hakuna atakayeiona.

“Hapana. Pasi usiiguse,” akasema. “Papa Mukuka alisema njo inaonyeshaka kikwembe ya kweli.”

Mguu wangu ulikuwa kwenye kanyagio la cherehani. Haukusogea.

“Ulijua tangu lini?”

“Siku ile ile. Ile pasi nani mwingine anajua? Mi na we.”

“Na ulinyamaza? Hata ba tantine balipokuya? Hata Mama Joëlle alipokukataa mbele ya bantu?”

Kiki alikuwa anaokota pini zilizoanguka sakafuni, moja moja, anazichoma kwenye kijimto changu.

“Ningesema,” akajibu, “mama angebakia na mutoto moya tu.”

Sikuuliza ni yupi. Aliweka kijimto mezani, akanigonga begani kama tulivyokuwa tukigongana utotoni, akatoka kumsaidia mama na bukari.

Nimeshona pindo. Alama ya pasi nimeiacha ilivyo. Nilipokuwa nakata uzi, watoto barabarani wakapiga kelele, “Muke wa Kisima!” Nikainua kichwa. Kiki ndiye aliyeitika.